Kaye Zisizo na Namba

Nilifika Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharage. Tulitoka Sumbawanga siku ya Jumatatu, tukavuka mpaka pale Kasesya, tukalala Mbala, na tulipopita Mporokoso ekseli ikakatika. Tukakaa siku mbili kando ya barabara tukipika maharage ya tajiri wangu, mwenye mzigo aliyetutangulia, bila kumwambia. Kuanzia Kawambwa kulikuwa na lami, na dereva, aliyekuwa amenuna safari nzima, akaanza kuimba. Mpango wangu ulikuwa wiki moja: kuuza maharage, kupakia samaki wakavu, kurudi. Nilikaa miaka saba. Wa kulaumiwa ni wawili: mimi mwenyewe, ambaye kurudi mahali sijawahi kukujua vizuri, na jirani yangu wa Kashikishi, upande wa wavuvi wa mji huo, ambaye ufukwe mzima ulimwita Mama wa Kaye.

Kaye ni daftari la shule. Neno hilo alivuka nalo ziwa kutoka Kongo, yeye na wengine wengi, vita ilipofika upande wao. Katika kaye hizo aliandika hadithi moja ndefu, na hadithi hiyo haikuwa na kaye ya kwanza wala ya mwisho. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba hadithi inaweza kuanzia popote na bado ikafika. Nami, katika kutaka kumshukuru, nilikaribia kuiua kwa kalamu nyekundu.

Siku ya kwanza nilimkanyagia samaki. Nilishuka garini miguu imekufa ganzi, nikaelekea majini kunawa uso, nikadhani mchanga wa pale unang'aa wenyewe. Ulikuwa chisense, vile visamaki vidogo kama sindano, vimeanikwa mpaka mwisho wa macho.

"We mutu! Miguu yako haina macho? Unakanyaga bukari ya batu!"

Bukari ni ugali na batu ni watu, lakini hayo niliyajua baadaye. Niliomba msamaha kwa Kiswahili changu cha shule. Akasimama, ufagio mkononi, akanitazama kama mtu aliyesikia redio ikiongea ndani ya kichaka.

"Unatoka wapi na hii Kiswahili ya redio?"

"Tanzania, mama."

"Tanzania kule munatembeaka juu ya chakula?"

Kabla sijajibu akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema nimemaliza kidato cha nne. Akaingia ndani, akatoka na daftari lililovikwa kitambaa chenye picha za miavuli, akaniambia nikae nalo mpaka tajiri wangu amalize maneno yake na wachuuzi. Nilisoma kurasa mbili nikamrudia.

"Mama, sijaona mwanzo."

"Miye ulinikuta ku mwanzo?" akasema. "Ulinikuta hapa, na ufagio. Na tunaongea. Soma."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Tanzania. Gari liliporudi sikupanda; nilipanga chumba jirani naye, nikawa nabeba magunia ya samaki kwa malipo.

Aliandika asubuhi, baada ya kutandaza samaki. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kaye juu ya goti, biki yake ya kuandikia ikining'inia shingoni kwa uzi wa nyavu. Aliandika mpaka samaki wakauke upande mmoja, kisha akainuka kuwageuza, na alipoinuka ndipo sura ilipoishia, hata kama mtu ndani yake alikuwa amenyanyua kikombe na hajanywa. Msimu wa jua kali sura zilikuwa fupi na za haraka. Mawingu yakikaa, watu wake walizungumza kwa muda mrefu, wakapika, wakapatana. Nilipomwambia nimeligundua hilo, alishangaa. "Basi Mungu njo anaandika," akasema, "miye niko nageuza samaki tu."

Kaye hazikuwa na namba. Kila moja alivika kipande cha kitenge, akakigandisha kwa uji wa unga, na watu walizijua kwa nguo zake. Kulikuwa na ya miavuli, ya kuku, ya funguo, ya feni, na nyingine ya maua mekundu ambayo wanawake walisema ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu ina harusi inayoharibika. Alimwazima yeyote. Mchuuzi aliyekuja kununua chisense aliondoka na gunia na kaye. Ziwa lilipofungwa, miezi ile ambayo hakuna ruhusa ya kuvua ili samaki wazaane, zilitoka zote, na usingeweza kupita nyumba tatu bila kusikia mtu anamsomea mwenzake. Ulisoma uliyoipata. Ukimaliza, ulitafuta nyingine, na hakuna aliyekuahidi kwamba itakuwa ya mbele au ya nyuma. Yeye alijua hivyo, na miaka ilivyokwenda akajifunza kuandika kwa hesabu hiyo: kila kaye ilisimama yenyewe, na kila moja iliacha mlango wazi kwa zile nyingine zote.

Hadithi ilikuwa ya ndugu wawili wa kike, Eliza na mdogo wake Yudita. Katika kaye ya kuku, wao ni watoto upande wa Kongo, na Yudita anaiba yai la mchungaji na kulificha ndani ya kofia ya mchungaji huyohuyo. Katika ya maua, Eliza ni mwanamke mzima huku Kashikishi na bwana harusi amechelewa. Katika ya miavuli, Eliza amezeeka, na kila akipakua bukari anaweka sahani moja pembeni, ya Yudita, na hakuna anayekuja kuila.

Mwanamke aliyezivusha kaye hizo mpaka kisiwani Chisenga alikuwa mnunuzi wa chisense, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika boti ya pili. Nilikwenda naye mara moja, na tulipofika tukakuta wavuvi wawili wameacha nyavu wanagombana.

"Yudita alikufaka! Nimesoma na macho yangu. Yaya yake Eliza anamuwekea sahani, inabakia na nzi."

"Alikufa wapi? Miye namuacha asubuhi hii anaiba yai!"

"Yako ni ya zamani, weye."

"Ya zamani namna gani? Nimeipata leo!"

Mnunuzi akawapigia kelele kwamba wote wawili ni wajinga, Yudita anakuja kwenye harusi, yeye anaisubiri tu kaye yenyewe. Nilipomsimulia Mama wa Kaye alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akafuta macho kwa pembe ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga.

"Bon," akasema. "Basi ku Chisenga Yudita iko muzima. Mutu bakimugombania, iko muzima."

Hakuwa mtu wa vurugu, na hilo ndilo lililonichanganya. Kanisani alifika kabla ya mfagiaji. Ukimwambia utakuja saa nne ukaja saa nne na robo, alikuwa ameshafunga mlango na alikusalimu kupitia dirishani. Aliwachukia waongo, kuna fundi mmoja hakusemeshwa mwaka mzima kwa kusema mbao zimefika na hazijafika. Lakini yeye huyohuyo aliketi kila asubuhi akizua harusi na kofia za wachungaji. Alikuazima kaye aliyoiandika miezi mitatu bila kuuliza unaitwa nani, ila chumvi yake alikupimia kwa ncha ya kidole. Aliyerudisha kaye yenye doa la mafuta alitukanwa mpaka kwa majirani. Ndani yake, kuonyesha alipoishia kusoma, yeye mwenyewe aliweka samaki.

Nilimwuliza mara moja kwa nini asiandike kwa kufuatana, kama vitabu vya shule. Alikuwa anafukuza ndege, hakunitazama.

"Ikifuatana, mutoto anakuwa mutoto, halafu anakuwa mukubwa, halafu anapotea, halafu imekwisha. Umefunga. Lakini weye ukitoka ku miavuli, unashika ya kuku. Mara ile ile iko hapa, na yai yake. Sasa sema: amepotea?"

Nilisikia, sikuelewa. Kuna mambo shule ilinizibia masikio.

Mwaka wa tatu niliugua malaria iliyonilaza wiki tatu kwenye jiko lake, kwa sababu chumba changu kilikuwa kinavuja. Alinilisha kwa kijiko. Alikuja na ndoo, akaondoka na ndoo, na hakutaja jambo hilo tena. Nilipopona nikatafuta cha kumlipa. Akaitwa msibani Chienge, siku nane. Nikaona nafasi yangu imefika.

Nilikusanya kaye zote, za nyumbani na zilizokuwa kwa watu, nikazisoma kwa mfululizo. Nikapanga nani kazaliwa lini, nani kavuka lini, nani kaolewa kabla ya nani. Kisha nikachukua kalamu nyekundu ya wino mnene, nikaandika namba juu ya vile vitambaa, kubwa, za kuonekana kutoka barabarani. Kuku ikawa ya kwanza. Miavuli ikawa ya kumi. Kati ya ya tatu, ambamo Eliza na Yudita wanasikia milio ya bunduki na kuanza kukimbilia ziwani, na ile iliyofuata, ambamo Eliza yuko Kashikishi peke yake, palikuwa na pengo. Nikafikiri kaye moja imepotea. Nikaruka namba yake: moja, mbili, tatu, tano. Nilijiona mwerevu.

Kisha nikaenda kuitafuta ya nne. Nyumba kwa nyumba, Tanzania na kidaftari chake. Kumbe watu walikuwa hawajawahi kujua kwamba kuna inayokosekana. Sasa walijua, na walitaka kujua ni nani aliyeificha. Na kwa kuwa mnunuzi wa Chisenga ndiye aliyebeba kaye nyingi, jibu likapatikana bila mimi kulitaja. Watu wakaacha kumuuzia. Wakampigia kelele bandarini: "Rudisha ya ine!" Hata kusoma kukasimama. Aliyepewa ya sita alisema hawezi mpaka apate ya tano, na mwenye ya tano anangoja ya nne.

Siku Mama wa Kaye aliporudi kutoka Chienge, mnunuzi alikuwa amekaa juu ya ile ndoo anamngoja, na nyuma yake watu wasiopungua ishirini. Mnunuzi hakusalimia. Aligeuza mfuko wake, akamwaga kila kitu mchangani: kitana, chumvi, waya wa simu, kitabu cha nyimbo.

"Mama, tafuta weye mwenyewe. Banasema niliiba nimero ine. Na ubatizo yangu, sijaionaka."

Mama wa Kaye hakuelewa. Nikamletea rundo la kaye, bado najivuna kidogo, Mungu anisamehe. Akazishika moja moja. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Tatu. Tano. Akarudi nyuma, tatu, tano. Uso wake ukabadilika, nikaacha kujivuna.

Akapiga magoti, akaanza kukusanya vitu vya mnunuzi, kitana, chumvi, akivifuta mchanga na kuvirudisha mfukoni.

"Pardon, mutoto yangu," akasema, kwa sauti ya wote kusikia. "Haukuiba. Haiko. Sijaiandika."

Kisha akazibeba kaye zote, akazitia kwenye pipa la plastiki, akafunga kifuniko.

Salamu aliendelea kunipa. Bukari aliendelea kunitengea. Lakini samaki walikauka upande mmoja na upande mwingine, na biki haikutoka kifuani. Ziwa likafungwa, likaja likafunguliwa. Watu wakapita wakitazama pipa, wakaogopa kuuliza. Mimi nilifikiria kufanya ninachofanya kila nikiharibu, yaani kupanda gari la kwanza. Nilikuwa nimeshafunga begi. Sijui ni nini kilichonishika. Nadhani ni ile ndoo ya malaria.

Nilikwenda nikakaa chini mbele yake, nikamwambia, "Mama, nimekukosea."

Akaulaza ufagio mchangani.

"Boti ilikuwa imejaa," akasema. "Miye ndani, mudogo yangu mu maji, namushika mukono. Batu banasukuma. Halafu mukono haiko. Tanzania, miaka yote hii najiuliza: nilimuachia, ao yeye aliniachia, ao ni maji? Nikiandika ile siku, niandike namna gani? Lazima nichague. Kama hakuna ile siku, sijachagua."

Nikamwomba ruhusa ya kufanya kitu kimoja tu, kuziondoa zile namba. Akaelekeza pipa kwa kidevu.

Wino ule haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Ikabidi nibandue vitambaa vyote. Nilizunguka kwa mafundi cherehani wa Kashikishi nikiomba mabaki, nikapika uji wa kugandishia, wa kwanza ukaungua. Vitambaa havikutosha. Ndani ya sanduku lake nikaona kikwembe kizima, cha kahawia chenye ndege wa njano, kimekunjwa. Nikakishika.

"Ile hapana," akasema, akakichukua taratibu mkononi mwangu. "Nilivuka nayo."

Nilipomaliza nilizipanga mbele yake. Akazitazama kwa muda.

"Kuku yangu iko wapi?"

"Imekuwa taa, mama."

"Na harusi?"

"Ile ya nanasi."

"Eliza anaolewa ndani ya nanasi!" Na hapo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Chienge, akalalamika kwamba uji wangu una madonge, akaninyang'anya mwiko. Wiki ile kaye zikatoka tena. Ya kwanza alimpa mnunuzi, akamsindikiza mpaka kwenye boti mbele ya watu wote, wameshikana mikono. Ufukweni watu walitukana vitambaa vipya mwezi mzima, maana hakuna aliyejua ameshika nini. Nadhani hilo lilimpendeza sana.

Nami nilikuwa na siku yangu isiyoandikika. Mama yangu alipofariki nilikuwa Tunduma, nikapata habari, na sikwenda kumzika. Sababu zangu hazikuwa sababu. Kila mwaka nilianza kumwandikia kaka yangu ujumbe wa simu, nikaanzia pale, na pale pale nikakwama. Nilimweleza Mama wa Kaye tukiwa tunageuza samaki.

"Ulianzia ku ile siku?"

"Ndiyo. Si ndiyo ya kwanza?"

"Mwandikie ile ya ekseli," akasema. "Ile ya maharage ya tajiri. Acheke kwanza. Ile siku itafika yenyewe, ikiona mumekaa."

Nikaandika ya ekseli. Kaka yangu ameendesha malori maisha yake yote. Baada ya siku mbili akajibu, maneno machache tu, baada ya miaka mingi ya kimya: "Ilikatika kabla ya mto au baada?" Tuliandikiana kuhusu ekseli kwa wiki tatu. Mwezi wa nne tangu tuanze akataja kaburi, kwamba limejengewa, kwamba kuna nafasi ya kukaa. Mwaka uliofuata akasema macho yake yamechoka na barabara, na nyumba ya Sumbawanga ni kubwa kwa mtu mmoja. Ndivyo nilivyojua kwamba safari hii nikiondoka Kashikishi sitarudi.

Siku ya kuondoka nilimkuta kwenye samaki wake, ufagio mkononi, kama siku ya kwanza. Nilizunguka kwa pembeni, sikukanyaga. Alikuwa amevaa kile kikwembe cha kahawia chenye ndege wa njano. Miaka saba sikuwahi kukiona mwilini mwake. Nilimwambia kimempendeza. Ndege wakatua kwenye chisense, akageuka kuwafukuza, na alipogeuka nikaona pembe moja ya chini imekatwa. Kipande cha mraba, ukubwa wa daftari.

Nilisimama pale na begi langu.

"Kaye yake iko wapi, mama?"

"Imepanda boti jana," akasema. "Nimempa yule wa Chisenga. Yeye wa kwanza. Nilimutukanisha ku batu."

"Itarudi lini?"

"Itarudi ikimaliza."

Dereva alikuwa anapiga honi. Nilitaka kumuuliza alichochagua. Nilifungua mdomo, akanitazama kwa yale macho ya dirishani, ya saa nne na robo, nikaufunga. Akaingia ndani, akanitolea ile niliyosoma kwanza, iliyokuwa ya miavuli na sasa ina kitambaa nilichogandisha mimi, madonge na yote.

"Rudisha," akasema.

"Mama, siji tena."

"Ukimaliza, patia mutu. Ule atapatia mwingine. Si utajua kufika ku Sumbawanga? Nayo inajua njia." Kisha akanishika mkono, akaushikilia, mpaka mimi ndiye niliyelazimika kuutoa.

Nilipanda juu ya magunia. Sasa yalikuwa ya chisense, na mimi nanuka kama wao. Tulipopita Mbereshi nikaifungua kaye nikaanza kusoma, na mama mmoja aliyepandia njiani, amekaa kwenye gunia la jirani, akawa anasoma juu ya bega langu bila kujificha. Tukafika pale Eliza anapoweka sahani pembeni. Yule mama akanigusa.

"Huyu Yudita anayewekewa chakula, amekufa?"

Nikageuka kutazama ziwa, lakini tulikuwa tumeshaliacha.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Jana amepanda boti."